Nyumba ya Malango Mawili

Jumapili, 2 Machi

Nimehamia. Dada alinipa daftari hili kituo cha basi, akasema niandike walau mstari mmoja kwa siku kwa sababu kwenye simu simwambii kitu. Haya, mstari wenyewe ndio huu.

Jumatatu, 3 Machi

Vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani. Bati zima. Maji yanatoka asubuhi na jioni. Mwenye nyumba ni bibi mmoja, mkunga mstaafu, anaishi kwa mwanawe huko mtaa wa juu, kwa hiyo hatakuwa ananichungulia sufuria. Kabla sijaichukua, Dada alinisomea kwenye simu mambo ya kuangalia, utafikiri naolewa na hiyo nyumba. Tazama paa. Fungua bomba mwenyewe, usikubali kuambiwa tu. Washa taa zote. Uliza aliyekuwemo aliondoka kwa nini. Niliuliza yote. Aliyekuwemo alihamishwa kikazi, hana kesi na mtu.

Ua una malango mawili, la mbele upande wa mtaa wa juu, la nyuma upande wa shule na zahanati. Hilo sikuliuliza. Nililiona ni faida, maana zahanati ndiyo kazini kwangu. Nikitokea nyuma, dakika nne nimefika.

Kubwa zaidi ni kwamba hapa hakuna anayenijua.

Jumatano, 5 Machi

Mapokezi ni mapokezi tu, popote uendapo. Kadi, jina, umri, anatoka wapi, anaumwa nini. Muuguzi ninayekaa naye dirisha moja anaongea tangu anavua kandambili asubuhi mpaka anafunga mlango. Leo kaniuliza, "Wewe mwenzetu ni mama nani?" Nikamjibu mimi si mama wa mtu. Akasema haya, akanyamaza. Nilishangaa kidogo, maana yule hanyamazi.

Ijumaa, 7 Machi

Jua. Nimefua.

Jumanne, 11 Machi

Jua.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetundika mapazia. Sanduku lake nimeliweka chumba cha pili, nikafunga mlango. Sikulia. Sijalia tangu Oktoba, na Dada anadhani najikaza. Sijikazi. Hakuna kitu cha kukaza, ndani kumekufa ganzi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza kunyesha jana jioni, haijakatika.

Leo saa moja kasoro nilikuwa napiga mswaki nikasikia vishindo uani. Nikafungua mlango wa jikoni. Watoto! Watoto wenye sare, wameingia lango la mbele, wanapita chini ya dirisha langu, wanatokea lango la nyuma kuelekea shule. Wadogo kwa wakubwa. "Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo." Nyuma yao fundi mwashi na ngazi yake begani, halafu mwanamke na ndoo kichwani. Mimi nimesimama na mapovu mdomoni, na aliyeshangaa hapo nilikuwa peke yangu.

Mchana mwenye nyumba kaja zahanati kupima presha. Nikamwuliza.

"Ah, hao!" akasema. "Si korongo limejaa, mwanangu. Kiangazi wanashuka korongoni na kupanda upande wa pili, kidogo tu wamefika shule. Likijaa, pakavu pa kupita ni uani kwako tu. Daraja liko mbali mno. Ni tangu enzi za marehemu mzee wangu. Kwani hukuambiwa?"

"Niambiwe na nani?"

"Nilijua muuguzi kakuambia."

"Mimi?" muuguzi akadakia. "Mimi nilijua umemwambia wewe, mwenye nyumba!"

Wakacheka hao, wakapigana viganja. Niliitazama nyumba hii mwezi wa pili, jua kali, korongo kavu. Kumbe kinachotakiwa kuulizwa ni nyumba inakuwaje mvua ikinyesha.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimehesabu watoto arobaini na mmoja. Sijui kwa nini nimehesabu.

Jumatano, 19 Machi

Kuna kabinti ka miaka saba hivi, meno ya mbele yote mawili hayapo. Wenzake wanamwita Kibogoyo, naye anaitika bila kinyongo. Mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja. Leo aliachwa nyuma, akasimama dirishani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Humu ndani mna mtoto?"

"Hamna."

"Basi utakuwa unaogopa, peke yako."

"Nenda shule, utachelewa."

Akaenda akirukaruka madimbwi. Nikavuta pazia. Nilikaa kitandani mpaka saa mbili, nikachelewa kazini.

Ijumaa, 21 Machi

Nimewaambia watoto wasipige kelele, ndani kuna mtu amelala. Ni uongo, lakini nilitaka wapite upesi. Wakaanza kunyata. Arobaini na mmoja wananyata, vidole mdomoni, wakubwa wanawanyamazisha wadogo. Ikawa mbaya kuliko zile kelele.

Jumatatu, 24 Machi

Nimenunua kufuli. Nilimpitia kwanza mwenye nyumba, nikasema nataka kufunga lango la mbele, nina sababu zangu. Nilijiandaa kubishana. Akanitazama, akasema, "Nyumba ni yako ukiwa umo. Ukiona ni vema, funga."

Nimefunga.

Jumanne, 25 Machi

Walikuja. Lango likatikiswa mara mbili, nikasikia sauti za kuulizana, halafu mtu mzima akasema kitu, wakaondoka. Uani kumetulia.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kimya. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 31 Machi

Muuguzi kaniambia nimepewa jina mtaani. Mama Kufuli. Alisema huku ananikazia macho kuona nitafanyaje. Nilicheka, kicheko cha kweli kabisa, hata mimi kilinishtua. Kisha kikaisha, ikawa kama hakikuwepo.

Dada kapiga simu. "Majirani wakoje?"

"Wazuri."

"Wazuri vipi?"

"Hawaniulizi kitu."

Akashusha pumzi kwa nguvu, akaniambia nile.

Jumamosi, 5 Aprili

Watu wa hapa siwaelewi. Nimewafungia njia na hakuna aliyenuna. Sokoni ni habari za asubuhi, za kazi, za mvua. Fundi cherehani, ambaye nimejua sasa kuwa ndiye mama yake Kibogoyo, alinipunguzia urefu wa mapazia wiki hii na hakutaka hata nimshukuru. Gauni lake limelowa mpaka magotini. Nilidhani wangekuja juu. Ama ni wastaarabu kupita kiasi, ama wamepoa, watu wa kukubali chochote. Nimeamua wamepoa.

Jumanne, 8 Aprili

Kutoka dirisha la mapokezi korongo linaonekana vizuri. Fundi mwashi anaingia majini asubuhi, suruali kaikunja mpaka mapajani, anawabeba watoto mgongoni mmoja mmoja, anawashusha upande wa shule, anarudi. Wakubwa wanashikana mikono wanavuka wenyewe, maji kiunoni. Nimewaona leo, nimewaona na jana na wiki iliyopita. Naandika hapa ili isije ikasemwa sikuona.

Alhamisi, 10 Aprili

Fundi mwashi kaja kuandikisha kadi. Homa, anatetemeka, koti juu ya koti. Daktari kampa dawa, kamwambia alale siku tatu, asiguse maji. Kadi yake nimeiandika mimi. Mvua inanyesha bado.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaiandika yote.

Saa moja na nusu nilikuwa nimeshafungua dirisha la mapokezi. Nikasikia watu wanakimbia, halafu sauti ya mwanamke anarudia neno moja tu, "Jamani, jamani, jamani." Wanaume wawili wameingia wamebeba mtoto kwenye kanga, maji yanachuruzika sakafuni. Sikumtambua kwa uso, uso ulikuwa na tope. Nilimtambua alipofungua mdomo kulia, hayo meno.

Daktari akamchukua ndani. Mama yake akataka kumfuata, muuguzi akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Kaandikishe kwanza kadi, dada, sisi tuko naye." Ndio utaratibu wetu. Bila kadi hata sindano haitoki.

Basi akaja dirishani kwangu. Fundi cherehani na Mama Kufuli, katikati yetu kioo chenye tundu.

"Jina la mgonjwa."

Akalitaja.

"Umri."

"Saba. Katimiza mwezi wa kwanza."

"Anatoka wapi?"

"Mtaa wa juu."

Kwenye kadi za majeraha kuna mstari unaouliza aliumiaje. Sikuwa na haja ya kuuliza, kila mtu mle ndani alishajua. Lakini nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na mdomo ukauliza wenyewe.

"Aliumiaje?"

"Ameteleza."

"Wapi?"

Akanitazama. Nilimwona anatafuta la kusema, na nilitaka anitukane. Nilitaka kwa moyo wote avunje kile kioo.

"Korongoni," akasema. "Leo mwashi hayupo. Nilikuwa nimemshika mkono, maji yakanizidi. Yamempeleka mpaka kwenye kalavati, mkono ukabanwa pale."

Nikaandika. Ameteleza korongoni. Mkono wa kulia. Mwandiko ulitoka mzuri, sawa na siku zote, na hilo ndilo ninalolichukia zaidi jioni hii.

Nikampa kadi. Akasema, "Asante, dada."

Saa nne gari likaja kumpeleka hospitali kubwa, mama yake kakaa nyuma amempakata. Muuguzi akarudi dirishani, akakaa, hakufungua kinywa hadi saa nane. Mimi nikatoka bila ruhusa. Nikaenda nyumbani, nikafungua kufuli, nikayaacha wazi malango yote mawili na kuegemeza mawe yasijifunge.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Malango wazi tangu saa kumi na mbili. Nilikaa jikoni nasubiri vishindo.

Hakupita mtu.

Jumanne, 15 Aprili

Hakupita mtu. Muuguzi anasema sasa wanazunguka darajani, watoto wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Nikamwambia lango langu liko wazi. Akasema, "Nimeona." Akaendelea kupanga faili.

Alhamisi, 17 Aprili

Mfupa umeungwa. Vidole viwili havisogei. Daktari wa huko kasema wasubiri, huenda vikarudi, huenda visirudi. Nimeyapata haya kwa muuguzi, na muuguzi nilimwuliza mara tatu ndipo akajibu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimempigia Dada nikamweleza. Akasema, "Umeenda kwao?" Nikasema hapana. "Unasubiri nini, wewe?"

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeenda.

Ni chumba kimoja na ukumbi, cherehani iko mlangoni ipate mwanga. Kibogoyo amerudishwa jana, amelala kwenye godoro ameelekea ukutani, mkono umefungwa plasta ngumu kutoka begani hadi vidoleni. Sikujua kama amelala au anasikiliza. Mama yake aliposikia hodi akasema karibu kabla hajaniona, na aliponiona hakulifuta neno lake.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya lango."

Akakata uzi kwa meno. "Lango ni lako. Waliokaa kikao ni sisi."

"Kikao gani?"

"Siku ile watoto walipokuta kufuli. Tulikaa kwa mwenye nyumba, wazazi wote wa mtaa wa juu. Mwashi alitaka aje kukuomba ufungue. Bibi akasema hapana, huyu kamzika mtoto Oktoba, mtoto wa darasa la kwanza, acheni asiwaone hawa wenye sare. Mvua yenyewe ni miezi miwili, tutavumilia. Mwashi akasema basi nitawavusha mimi. Tukakubaliana." Akanyoosha kitambaa juu ya meza ya cherehani. "Wa kwanza kukubali nilikuwa mimi."

Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mlijuaje?"

"Barua yako ya uhamisho. Ilifika zahanati kabla yako, na muuguzi unamjua. Tulijua kabla hata godoro lako halijashushwa."

Wiki zote hizi. Zile salamu, ile heshima, mapazia aliyonipunguzia. Nilidhani wamepoa, kumbe wananibeba. Hapo ndipo hasira iliponipanda, hasira ya ajabu, mpaka masikio yakawaka moto. Sijahisi kitu kikali hivyo tangu Oktoba.

"Mngeniambia!" nikasema. "Mngekuja mnitukane! Nani aliwaomba mnionee huruma kwa gharama ya watoto wenu?"

"Punguza sauti, ana maumivu."

"Mngeniambia tu."

"Na wewe ungeuliza watoto wanapita wapi."

Ningeweza kuinamisha kichwa pale, nikasema ni kweli, sikuuliza, akanisamehe, nikaondoka. Alishafungua mlango wa kunisamehe. Nadhani hata chai ningepewa.

"Nilijua wanapita wapi," nikamwambia. "Dirisha langu linaona korongo. Niliwaona kila siku. Na kadi ya mwashi niliiandika mimi. Alhamisi nilijua Ijumaa hayupo."

Akauondoa mguu kwenye kanyagio. Godoroni mtoto akajigeuza, kumbe alikuwa macho.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaenda kulala."

"Nikaenda kulala."

Halafu akasema, taratibu, "Ondoka hapa kwangu."

Nikainuka. Nilipofika nje akaniita, bila kutoka mlangoni.

"Na hilo lango lako unaloacha wazi. Nani apite uani kwa mtu ambaye hajamkaribisha? Hata kuku anafukuzwa. Ukitaka wapite, simama uwaite."

Jumanne, 22 Aprili

Sikuweza.

Jumatano, 23 Aprili

Nilisimama nyuma ya pazia. Sikuweza.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwenye nyumba kaja, habari imeshamfikia. Hakukaa. Ananilaumu kwa nilichojua, akasema, lakini anajilaumu yeye kwanza kwa sababu ni mtu mzima na amezalisha nusu ya mtaa huu, angepaswa kujua kwamba mtu aliyefiwa haachwi peke yake na kufuli lake. Akaniuliza kama nahama. Nikamwambia sijui. Akasema, "Ukihama, huyo atakayekuja nitamwambia mwenyewe habari za mvua. Simwachii mtu tena." Kisha akalia, pale pale uani, na mimi nikamshikia mwavuli.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua kubwa. Nimepika, nimekula.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa kumi na mbili nilikuwa nimeshasimama nje ya lango la mbele, mwavuli mkononi. Kutoka pale unaona njia panda, kushoto unaenda darajani, moja kwa moja unakuja kwangu. Wakatokea kwa makundi, makoti ya plastiki, mifuko ya rambo kichwani. Wakaniona. Wakasimama.

Nilifungua mdomo, haikutoka sauti. Tangu Oktoba sijaita mtoto. Mtoto wangu nilikuwa namwita kwa kelele, nyumba ya tatu wanasikia, mpaka Dada alikuwa ananicheka. Wale watoto wananitazama, mimi nawatazama, mvua inanyesha, wa kwanza akageuka kushoto.

"Njooni!" nikapiga ukelele. "Njooni, piteni huku! Piteni kwangu!"

Wakatazamana. Akaja mmoja, mkubwa, kwa mashaka, kama anayepita mbele ya mbwa. "Shikamoo." "Marahaba." Akapita. Wakaja wawili, wakaja sita. Nikaitikia kila mmoja, hakuna niliyemruka. Akaja mwashi na ngazi, amekonda, akanipa mkono badala ya salamu. Nilihesabu tena. Arobaini.

Wa mwisho alikuja na mama yake. Sare mkono mmoja tu, wa pili umekatwa na kupindwa vizuri kwa ajili ya plasta, mshono wa fundi. Mama yake akaninong'oneza habari ya asubuhi bila kunitazama usoni.

"Msalimie," akamwambia mtoto.

Kibogoyo akatikisa kichwa. Akauficha ule mkono upande wa mama yake, mbali na mimi.

"Msalimie mkubwa wako."

"Mwache, dada," nikasema. "Ana haki yake."

Wakapita chini ya dirisha langu. Ndipo kilio kikanitoka. Sikukitafuta wala sikukiona kinakuja. Nilikaa kizingitini kwenye maji, nikalia kwa sauti, nikamlilia mwanangu kwa jina lake, malango yote wazi, na watu wa mtaa wa juu wanaendelea kupita. Hakuna aliyejifanya haoni. Kila mmoja alisema pole, akapita.

Kibogoyo alikuwa amefika lango la nyuma. Akasimama, akageuka.

"Mama, mbona analia?"

Nilidhani atanyamazishwa. Mama yake akamjibu kwa sauti ya kawaida, sauti ya kujibu swali la mtoto.

"Mtoto wake alikufa."

Ni mara ya kwanza mtu wa hapa kulisema mbele yangu. Kibogoyo akanitazama, akisubiri niseme kama ni kweli.

"Ndiyo," nikamwambia. "Alikuwa na miaka saba."